Uzi maalumu: Kamera yako kwenye baridi kali, kwa wapiga picha wa Mwanza mnaosafiri Desemba na Januari

MwanaKirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka ukielekea Desemba naulizwa swali lilelile. Mmoja kapata nafasi ya kusoma China, mwingine anamfuata dada yake Canada, mwingine kapewa kazi ya kupiga picha za mkutano Ulaya, na wote wanataka kujua kama kamera zao zitapona kwenye baridi. Badala ya kujibu mmoja mmoja, naweka hapa ninachokijua, na wenye uzoefu waongeze.

Jambo la kushika kwanza ni hili: baridi yenyewe ni nadra kuua kamera. Kinachoiua ni maji, na maji huja pale unapotoka kwenye baridi na kuingia penye joto. Mtu anahangaika siku nzima kuikinga kamera na theluji, halafu akifika hotelini anaitoa kwenye begi na kuiweka mezani jirani na hita. Papo hapo mvuke ulioko hewani unaanza kugeuka maji juu ya kioo, kwenye pete za lenzi, kwenye vitufe, na mbaya zaidi ndani, kwenye sensa (kile kipande kinachopokea picha) na bodi ya umeme, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki.

Sisi wa kanda ya ziwa, hili si geni kwetu. Mpiga picha wa harusi yeyote wa hapa mjini amekutana nalo. Bibi harusi anavalishwa kwenye chumba cha hoteli, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, kamera imekaa humo saa nzima. Mnatoka kwenda Capri Point kupiga picha za ziwa, unanyanyua kamera, kioo chote cheupe. Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ya Mwanza ikiwa na nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 65, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 20 hivi lazima kishike maji. Kamera iliyotoka kwenye nyuzi 18 iko chini ya hapo, basi inalowa. Hakuna ubovu wowote wa lenzi.

Mimi baridi kali nilianza kuijulia hapahapa, kwenye viwanda vya minofu ya sangara, kabla sijawahi kukanyaga theluji. Stoo ya minofu iliyogandishwa hukaa hasi 18 au chini zaidi, na chumba cha kugandishia kinashuka kupita hapo, mafeni makubwa yanapuliza hewa bila kupumzika. Unavaa buti, kofia ya nywele na koti zito, unapiga picha zako, unavuka pazia la plastiki mlangoni na kukuta nyuzi 28 nje. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 46 kwa hatua tatu au nne. Sasa linganisha na mji kama Harbin, kaskazini mashariki mwa China, ambako Januari usiku unaweza kukuta hasi 25 na ndani nyuzi 22. Tofauti ya joto inakaribiana, lakini hewa ya ndani kule imekaushwa na hita. Kwenye chumba chenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 30, maji yanaanza kushika kwenye kitu kilicho chini ya nyuzi 4 tu. Kamera ya hasi 25 italowa kule pia, tena itaanza kwa kushika barafu, lakini kwa wingi wa maji mlango wa kiwanda cha samaki Mwanza unaushinda mlango wa hoteli ya Harbin. Aliyezoea kuvuka mlango ule bila kulowesha kamera ataweza popote duniani.

Namna ya kuvuka ni hii. Ukiwa bado kwenye baridi, toa kadi na betri uziweke mfukoni. Ingiza kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa, kamua hewa iliyozidi, funga vizuri, ndipo uingie ndani. Hewa uliyoifungia humo ni ya kule kwenye baridi, na hewa ya baridi kali haibebi mvuke wa maana. Maji yatashika nje ya mfuko, kamera ibaki kavu. Kadi na betri unazitoa mapema kwa sababu jioni utataka kuhamisha picha na kuchaji, na ukivikumbuka vikiwa tayari ndani utashawishika kufungua mfuko kabla ya wakati.

Kabla ya wakati ni lini? Usiangalie saa peke yake. Kamera ndogo na lenzi fupi zinaweza kuwa tayari baada ya saa moja, ila lenzi ndefu ya kupigia ndege ina vioo vizito na inaweza kuhitaji saa mbili na zaidi. Pitisha kiganja juu ya mfuko. Kama kwa nje bado kuna unyevu au unahisi ubaridi, uache. Ukikauka wenyewe na ukawa hauna tofauti na meza uliyouwekea, fungua.

Kuhusu mfuko wenyewe: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ile midogo ya zipu inachanika haraka ukiipa kazi ya kona za kamera. Mimi natumia mfuko wa turubai la mpira unaokunjwa mdomo, ule wanaotumia watu wa boti kuhifadhi nguo na simu zisilowe. Kunja mdomo mara tatu, banisha klipu. Unadumu miaka na hauachi takataka.

Betri na theluji nitakuja navyo nikimaliza kazi. Karibuni.

---

Ngosha wa Magu

Umeshusha madini, mkuu. Nimeweka kambi hapa.

Swali langu: kama kamera imeshalowa tayari, nifanye nini? Kuna jamaa hapa mtaani anasema izikwe kwenye mchele usiku kucha.

---

MwanaKirumba

Mchele hapana, Ngosha. Mchele una vumbi la wanga, na vumbi lile likiingia kwenye pete za lenzi au kwenye tundu za plagi, umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Tena hata kunyonya unyevu haunyonyi kama watu wanavyoamini.

Kamera ikilowa, izime na utoe betri. Usibadilishe lenzi hata kama unaona ukungu ndani, maana ukifungua tu hewa yenye mvuke inaifikia sensa ambayo pengine ilikuwa bado kavu. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, inasukuma mvuke uende ndani zaidi na inaweza kulainisha gundi za lenzi. Iweke kwenye chombo kinachofunga pamoja na vipakiti vingi vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na vya elektroniki, uiache hadi kesho yake.

Na hili naomba lizingatiwe sana: usitoke tena kwenye baridi na kamera iliyolowa. Maji yaliyoingia ndani yataganda pale yalipo. Ukungu wa kawaida unakauka na kamera inaendelea na maisha, ila barafu iliyojiunda ndani ya shata (ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga) au kwenye mota ya lenzi inavunja vitu.

---

Bi Nyakato

Shikamoo kwa wakubwa zangu, wengine habari zenu. Kaka MwanaKirumba, hongera kwa uzi. Mimi ni msafiri wa kawaida tu, natumia simu na kamera ndogo. Mwanangu anasoma kule kwenye baridi, naenda kumuona mwezi wa kwanza. Ameniambia simu inazima yenyewe ukiwa nje hata ikiwa na chaji asilimia 40. Ni ubovu au?

---

MwanaKirumba

Marahaba kwa niaba ya wakubwa, dada yangu. Sio ubovu. Betri za simu na kamera zetu zote ni za lithiamu, na umeme wake unatokana na kemikali zinazosafiri ndani ya majimaji. Baridi inapunguza mwendo wa safari ile. Chaji imo, ila haiwezi kutoka kwa kasi ambayo simu inaihitaji, basi simu inajizima kujilinda. Ukiipasha joto mfukoni inawaka tena na kukuonyesha asilimia zake. Watengenezaji wengi wa simu na kamera wanaandika kwamba kifaa kimepimwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0, chini ya hapo unatumia kwa uangalifu wako.

Kwa hiyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, itoke kwa ajili ya picha na kurudi. Betri za akiba za kamera vilevile. Ukiwa nje muda mrefu, tembea na betri mbili au tatu kwenye mfuko wa shati chini ya koti. Ile iliyo kwenye kamera ikionyesha imeisha, usiitupe kwenye begi ukaisahau. Irudishe mfukoni ipate joto, weka nyingine, baadaye utaikuta imefufuka na kukupa picha nyingine nyingi. Zibandike kipande cha plasta chenye namba ili ujue ipi imeshatumika kweli. Usizichanganye na funguo au sarafu, vyuma vikigusa ncha zote mbili betri inachemka na inaweza kuwaka moto mfukoni mwako.

Sasa hili wengi hawalijui. Usichaji betri iliyotoka kwenye baridi hapohapo. Betri ya lithiamu ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu inashindwa kuingia mahali pake na kujipaka kama ngozi ya chuma juu ya upande mmoja wa betri. Ngozi ile haiondoki. Betri inapoteza uwezo wake moja kwa moja, na inaweza kuja kupiga shoti siku nyingine kabisa ukiwa umeshasahau. Iache ifikie joto la chumba, ndipo uichomeke.

Na wenye flashi za betri za AA: zile za kawaida za dukani, za alkali, zina maji ndani na baridi inazishusha vibaya. Nunua za lithiamu zisizochajika, hizo zinafanya kazi hadi hasi 40, au za kuchaji za NiMH ambazo nzuri zake zinahimili hadi hasi 20 hivi.

---

Mwanafunzi wa Kaskazini

Salamu kutoka Harbin, wakuu. Mimi kwetu Ilemela, huku niko chuo. Kila alichosema mwanzisha uzi ndicho tunachoishi nacho.

Niwaambie picha zilizopo huku ili mjue mnakuja kufanya nini. Mto Songhua unapita katikati ya mji, na majira haya unaganda kiasi kwamba watu wanatembea juu yake. Mwezi Desemba wafanyakazi wanakata matofali ya barafu mtoni kwa misumeno, yanapakiwa kwenye magari na kwenda kujengwa majumba na minara. Tamasha la barafu hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Usiku yanawashwa taa za rangi ndani ya barafu yenyewe. Mtu aliyezoea mialo ya Kirumba, kuona maji yanakatwa kwa msumeno na kubebwa mabegani, ni jambo la kupiga picha kutwa nzima.

Nina shida mbili. Ya kwanza, picha zangu za theluji zinatoka za kijivu, kama nimepiga jivu. Ya pili, kitundu cha kuchungulia kwenye kamera kinashika barafu kila baada ya muda mfupi na sioni kitu.

---

MwanaKirumba

Bwana mdogo, pole na baridi, na hongera kwa masomo.

La kijivu: kamera inapopima mwanga inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji inaona mwanga mwingi, inapunguza hadi theluji ilingane na kijivu ilichozoea. Ni kisa kilekile cha bibi harusi aliyejaa shela nyeupe kwenye fremu. Ongeza mwanga kwa makusudi, kuanzia alama +1 hadi +2 kwenye kitufe cha fidia ya mwanga, kutegemea theluji imejaa kiasi gani kwenye picha na kama kuna jua. Usiamini skrini. Nje kukiwa na mwanga mkali utaiona picha ni nyeusi, usiku utaiona inang'aa mno. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: mlima wake usogee upande wa kulia bila kugonga ukuta. Ukigonga, theluji imepotea na hutaipata tena hata ukihariri.

Kwa majumba ya barafu yenye taa usiku, geuza. Hapo fremu ina giza jingi na kamera itaongeza mwanga hadi rangi za taa ziungue. Punguza, anzia -1. Piga faili ghafi (RAW, isiyochakatwa na kamera), maana taa za rangi na theluji ya kivulini yenye ubluu vinachanganya kabisa mizania ya nyeupe (namna kamera inavyoamua nyeupe ni ipi), na faili ghafi inakuruhusu kurekebisha baadaye. Kama unaweza, nenda saa ile jua limezama na anga bado lina bluu. Sisi huku karibu na ikweta jua likizama giza linaingia chapchap. Kule kaskazini saa ya bluu inakaa zaidi, na barafu ina uzuri wake wakati huo.

La kitundu kushika barafu: ni pumzi yako. Skafu uliyofunga hadi puani inaipandisha pumzi juu moja kwa moja hadi kwenye jicho la kamera. Shusha skafu chini ya kidevu unapopiga, toa pumzi ukielekea pembeni au chini, kisha sogeza jicho. Vivyo hivyo kwenye kioo cha mbele: theluji ikitua usiipulize kwa mdomo wala usiifute kwa kidole chenye joto. Mdomo unatoa mvuke unaoganda palepale, kidole kinaiyeyusha na kuifanya barafu. Tumia pampu ndogo ya mpira au brashi laini, na kofia ya lenzi (ile ya duara inayochomoza mbele ya kioo, si kifuniko) iwepo muda wote, inazuia theluji nyingi kabla haijafika kiooni.

---

Mwanafunzi wa Kaskazini

Nimeenda mtoni asubuhi hii nikaweka +1.7. Theluji ni nyeupe kweli, na nyuso za wale wakataji zimeonekana hadi barafu iliyoganda kwenye kope zao. Ahsante sana kaka.

Niongeze la hita za mfukoni. Huku kila duka dogo linauza vipakiti vya kupasha joto, unavifungua vikaanza kuchemka vyenyewe. Mimi naweka kimoja kwenye mfuko wenye betri.

---

MwanaKirumba

Vizuri, ila weka kitambaa katikati, kisigusane na betri moja kwa moja. Na usikifungie ndani ya ule mfuko usiopitisha hewa ukidhani unapasha kamera. Ndani ya kile kipakiti kuna unga wa chuma unaoshika kutu kwa kasi, na kutu inahitaji oksijeni. Kikikosa hewa kinapoa.

---

Mpanda Kilima

Hiyo ya oksijeni imenigusa. Mimi ni mtu wa Moshi ila kazi ipo Mwanza, huwa napandisha wageni msimu wa mlima. Watu wanasahau kwamba baridi ya kuharibu kamera tunayo nchini. Usiku wa kilele cha Kilimanjaro mnaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, au kambi ya Kibo, mita 4,720, kwenye saa sita usiku, na mnafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri jua linachomoza. Kule juu hasi 10 ni kawaida, na kuna siku inashuka hadi hasi 20 na upepo juu yake.

Vile vipakiti wageni wanavileta kwa wingi na wakifika juu wanalalamika havipati moto. Ni hilo tu: kileleni shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani, oksijeni ni haba, chuma hakishiki kutu kwa kasi. Msivitegemee. Mwili wako ndio hita.

Niliyoyaona kwa wageni: anayeweka kamera yenyewe ndani ya koti usiku kucha anafika juu na kamera iliyolowa, kwa sababu kupanda kunatoa jasho na jasho lote liko humo. Anapoitoa kupiga jua, mvuke unaganda kwenye kioo. Betri ndizo zikae mwilini. Kamera ikae nje kwenye begi lake dogo, ipoe, ibaki imepoa. Na usiku kambini betri zilale na wewe ndani ya begi la kulalia, kamera ikae kwenye mfuko wake uliofungwa.

---

MwanaKirumba

Mkuu, umemaliza. Hilo la kamera kuachwa ipoe ndilo ninalowaambia hata wanaokwenda mijini. Ukishatoka nje asubuhi, kamera iache ikae na baridi hadi jioni. Kama unaingia mgahawani kunywa chai nusu saa, usiitoe. Ifungie kwenye mfuko, mfuko ndani ya begi, begi chini karibu na mlango ambako ni baridi zaidi. Kuingia na kutoka mara kwa mara ndiko kunakoleta maji.

---

Ngosha wa Magu

Na upepo je? Kwenye simu naona wanaandika hasi 12 halafu chini yake "inahisika hasi 22." Kamera inahisi ipi?

---

MwanaKirumba

Swali zuri sana. Kamera haishuki chini ya hasi 12. Ile namba ya pili ni ya ngozi ya binadamu, ambayo upepo unainyang'anya joto haraka. Kwa kamera upepo unafanya jambo moja tu: inafika hasi 12 mapema zaidi, na betri iliyomo ndani yake vilevile. Wewe mpigaji ndiye wa kuangalia namba ya pili, kwa ajili ya vidole vyako.

Vidole: glavu nyembamba zinazokubali vitufe, juu yake zile nene unazozivua unapopiga. Usishike chuma kwa mkono mtupu wenye unyevu, ngozi inaganda hapo. Miguu ya tripodi ya alumini ndiyo hatari zaidi. Mimi nilichukua mpira wa tairi la ndani la baiskeli kwa fundi wa hapa Buzuruga, nikaukata na kuuvisha kwenye mguu wa juu. Unashikika vizuri, hauna ubaridi wa chuma, na siku za mvua ziwani hautelezi. Zile kufuli za kuzungusha za miguu zikiingia maji kisha zikaganda hazifunguki, kwa hiyo ukitoka mtoni zikung'ute kabla hujazikunja.

---

Dada wa Saa Nane

Nasafiri wiki ijayo kupitia Dar. Betri zangu nne na pawabenki naweka wapi? Kila mtu ananiambia lake.

---

MwanaKirumba

Begi la mkononi, dada. Betri za lithiamu za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, kwa sababu zikiwaka moto kule hakuna mtu wa kuzizima. Kila betri iwe na kifuniko chake, au bandika plasta kwenye ncha.

Kipimo ni wati-saa. Chini ya 100 ni sawa kwa mashirika mengi, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo abiria habebi. Kama haijaandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya kamera ya volti 7.2 na ampea-saa 2.28 ni wati-saa 16.4 tu. Pawabenki ya mAh 20,000, yaani ampea-saa 20, kwa volti 3.7, ni 74. Hakikisha maandishi yake hayajafutika, maana isiyosomeka wanaweza kuichukua. Na ulizia shirika lako mapema, kuna yanayoweka kikomo cha idadi.

Mashine za ukaguzi hazidhuru kadi wala picha zako za dijitali. Anayebeba filamu ndiye aombe ikaguliwe kwa mkono.

---

Fundi wa Vioo

Nimesoma kimya hadi hapa, wakuu. Mimi natengeneza kamera, na niseme ninachokiona mezani. Kamera zinazoletwa kutoka safari za baridi ni chache. Zinazojaa ni zile ambazo hazijawahi kutoka Mwanza, zimeota ukungu kwenye vioo. Ule wa kuota kabisa, wenye nyuzinyuzi kama buibui, unaokula rangi ya kioo. Ziwa liko hapa, unyevu uko juu, mtu anaiweka kamera kwenye begi la sponji lenye zipu, anaifungia kabatini miezi mitatu hadi harusi nyingine. Sasa mtu katoka safari, kamera ilishashika unyevu, anaitumbukiza kabatini vilevile. Mwanzisha uzi liseme na hilo.

---

MwanaKirumba

Ahsante fundi, na naomba kila anayesoma alisome mara mbili. Ukungu wa kuota unapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu wa kuzidi asilimia 60. Begi la sponji kabatini linatoa vyote vitatu.

Ukirudi safari, toa kila kitu, kiache mahali penye hewa na kivuli kwa siku moja, begi lenyewe lianikwe juani hadi ndani pakauke. Kisha vioo na kamera viingie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, ya zile za kuhifadhia unga, pamoja na silika ya kutosha na kipima unyevu kidogo cha betri. Kikisoma kati ya 40 na 50 uko salama. Usiishushe sana, mpira na mafuta ya lenzi navyo havipendi ukavu wa kupindukia. Silika yenye rangi inageuka ikishiba. Ya rangi ya chungwa inakuwa kijani. Itandaze kwenye sinia, ipashe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa, inarudi kama mpya. Na kamera itumieni. Lenzi inayotoka nje kila wiki ikapata mwanga na hewa haioti.

---

Bi Nyakato

Kaka, nimenunua ule mfuko wa watu wa boti. Nawezaje kuujaribu kabla ya safari bila kuhatarisha kamera yangu?

---

MwanaKirumba

Chukua glasi mbili za kioo nzito. Ziweke zote mbili kwenye friza bila kufunikwa, pamoja na mfuko mtupu uliofunguliwa ili nao upoe. Kesho yake mchana, mkono wako ukiwa bado ndani ya friza, ingiza glasi moja kwenye mfuko, kamua hewa, kunja mdomo mara tatu, banisha. Toa zote mbili uziweke mezani jikoni. Ile ya wazi itakuwa nyeupe mara moja na baada ya muda itakuwa imesimama kwenye maji. Wewe angalia ule mfuko. Ukikauka kwa nje na ubaridi ukiisha, fungua upapase glasi ya ndani. Ikiwa kavu, mfuko wako ni mzima. Ikiwa na maji, aidha kuna tundu au umefungua mapema: ujaze mfuko hewa, uuzamishe kwenye beseni uone kama unatoa mapovu. Ukitoa, urudishe dukani wakubadilishie. Usipotoa, rudia jaribio na usubiri zaidi.